Bonde la Karanga: Maji Yalitangulia Mashine

Maji ya Mto Karanga hayaishii mtoni. Huko juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, yalichepushwa na kuletwa vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, kwa mifongo, mifereji ya udongo iliyochimbwa kwa mikono, bila kipimo ila jicho. Penye korongo yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa. Wageni wa karne ya 19 waliandika kuhusu mifongo hiyo kwa mshangao. Wenyeji waliiona kazi ya kawaida. Mfongo ulikuwa mali ya ukoo, na asiyefika siku ya kuuzibua alitozwa faini.

Ulinywesha ulezi wa kutengenezea pombe ya mbege, baadaye kahawa. Kahawa mbivu ilimenywa nyumbani kwa mashine ya mkono, ikaoshwa, ikaanikwa. Ili kukobolewa, ilishushwa Moshi mjini, kwenye kiwanda kilichoanzishwa 1920.