Mapatano ya Roma ya Mwaka 1992: Kupatanisha si Kukata Neno

Mara kwa mara watu hutuletea mashauri yao: ndugu wawili wagombania shamba, mume na mke wametengana, wanachama wa shirika moja hawasalimiani tena. Nasi twafanya haraka kukata neno: huyu ana haki, yule ana kosa. Lakini kukata neno si kupatanisha. Historia ya Msumbiji yaonyesha wazi tofauti hiyo.

Nchi ile ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Baadaye kidogo vita vikawaka kati ya serikali ya chama cha Frelimo na waasi wa Renamo. Vikadumu miaka kama 16, wakafa watu wapata milioni moja. Serikali iliwaita waasi majambazi wenye silaha. Waasi nao hawakuikubali serikali kuwa ya haki. Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Nani atakaa meza moja na jambazi?

Mwaka 1988 Askofu Mkuu wa Beira, Jaime Gonçalves, aliingia porini kuonana na Afonso Dhlakama, mkuu wa Renamo. Wote wawili walikuwa Wandau. Eklezya ilikuwa imenyang'anywa mashule na mahospitali na serikali. Hata hivyo Askofu hakwenda kutafuta rafiki wa kumlipia kisasi. Alikwenda kusikiliza.

Tarehe 8 Julai 1990 wajumbe wa pande mbili wakakutana Roma, katika nyumba ya jumuiya ya Sant'Egidio. Pamoja na Askofu walikuwako Andrea Riccardi, Padri Matteo Zuppi, na Mario Raffaelli, mwanasiasa wa Italia. Mwanzoni hawakuitwa hata wapatanishi, bali watazamaji tu. Siku ya tatu wajumbe wakatoa tangazo moja: walikiri kwamba wote ni watu wa jamaa moja kubwa ya Msumbiji, na kwamba watatafuta kwanza yanayowaunganisha. Bunduki zilikuwa hazijanyamaza, lakini jina lilikuwa limebadilika. Jambazi amekuwa ndugu, na ndugu huweza kujibiwa.

Kazi iliyobaki ilidai uvumilivu: vikao 11 katika miezi 27, na mara nyingi mazungumzo yalikwama. Hatusemi kwamba maneno peke yake yalileta amani. Ukame mkali wa mwaka 1992 uliwabana wote, na mataifa mengine yalisaidia. Lakini wapatanishi wale wanne hawakuwa na jeshi la kumlazimisha mtu. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na Dhlakama wakatia sahihi. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 1994. Kweli, mwaka 2013 mapigano yalirudi, ikabidi kupatana tena mpaka mapatano ya Maputo ya tarehe 6 Agosti 2019. Maana amani ni kama shamba, isipopaliliwa magugu hurudi.

Basi wakituletea shauri, tuulize kwanza: hawa wawili wanaitanaje? Tumwendee kila mmoja kwake, tusikie maneno yake mpaka mwisho, hata kama majirani wanamwita mwizi au mchawi. Kisha tutafute jina wanalolikubali wote wawili: wazazi wa mtoto huyu, wana wa baba mmoja, wabatizwa wa parokia moja. Haki haitasahauliwa, itatafutwa juu ya msingi huo. Lakini anayeanza na hukumu atapata mshindi na mshindwa tu, na ugomvi utakuwa umelala, haujafa.