Walioitwa na Moto

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, alasiri, moto ulizuka juu ya Mlima Kilimanjaro katika eneo la Whona, mahali wanapopumzikia wapandaji wanaotoka Mandara kwenda Horombo. Kiangazi kilikuwa kirefu, majani na vichaka vya juu ya msitu vimekauka, na upepo haukutulia. Usiku ule na nyingine zilizofuata, watu wa Moshi waliona mstari mwekundu ukitambaa ubavuni mwa mlima. Kabla haujadhibitiwa, zaidi ya wiki moja baadaye, uliteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90.

Gari la zimamoto halifiki kule. Waliofika walifika kwa miguu: askari wa hifadhi, kikosi cha zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, waongozaji na wapagazi, na wanakijiji wa mitelemko ya chini. Katika siku za mwanzo walitajwa watu wapatao 500. Vifaa vyao vilikuwa matawi mabichi ya kupigia moto, mapanga na majembe ya kukatia njia ya kuuzuia, na madumu ya maji. Hewa ya kule ni nyepesi na usiku baridi inauma mifupa, kwa hiyo kupanda mtupu tu ni kazi. Wao walipanda na mzigo, kisha wakaanza kazi yenyewe.

Tukilinganisha na nchi nyingine, jambo moja linashangaza. Novemba 2018, mji wa Paradise katika jimbo la California, Marekani, ulipoteketea, watu 85 walikufa na makumi ya maelfu waliamriwa kuondoka. Barabara zilijaa magari ya wanaokimbia, na waliobaki kupambana walikuwa wazimamoto. Hivyo ndivyo dunia inavyojua moto wa nyika: wananchi wanahamishwa, wataalamu wanaingia. Kilimanjaro mambo yalikwenda kinyume, wananchi wakapanda kuufuata moto. Kuhamishwa kwao kulikuwa kumekwisha kufanyika zamani, na aliyewahamisha alikuwa sheria.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa chini wa msitu wa Kilimanjaro ili Wachaga wapate kuni, nguzo na majani ya mifugo bila kuingia msitu wa juu. Watu waliuita Nusu Maili. Usimamizi wake ulipita mikono mingi, hadi mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa iliposhushwa ikaumeza msitu wote. Mama aliyekuwa akikata majani pale kama haki yake sasa akawa mvamizi. Miaka 15 baadaye mlima ukawaka, na watu wa vijiji vilevile wakatakiwa msaada, nao wakaenda.

Sisi wa Usambara tunaifahamu habari hii kwa jina jingine. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891, na ni katika miaka ileile ya Wajerumani ambapo ardhi ya milima hii ilianza kugawanywa: mashamba ya walowezi huku, msitu wa serikali kule. Vituo vya misheni navyo vilipata ardhi yao, na tusilifiche hilo tunapoandika historia ya Kanisa. Sheria ya misitu ya mwaka 1904 iliipa serikali nguvu ya kutenga misitu. Lakini huko Shume, kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa ikiikata mierezi ya milimani na kuishusha kwa waya wa angani hadi stesheni ya Mkumbara. Msambaa aliyekatazwa kuni aliona magogo yakipita juu ya kichwa chake. Sijui ni mahubiri gani yangemfanya mtu huyo aamini kwamba msitu unalindwa kwa faida yake.

Waingereza nao wakaja na elimu yao. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha wakaueneza. Watu waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko mikali, na asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Kazi kubwa iliwaangukia akina mama. Upinzani ulikua mwaka hadi mwaka, na mwaka 1957 mpango ukafa. Wataalamu hawakukosea kusema kwamba udongo unakwisha. Tunaoishi huku tunayaona mabonde yanavyogeuka mekundu wakati wa masika. Ila walidhani nchi inaweza kuponywa na amri.

Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili kwa mambo haya: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nchi iliponywa pale wenye nguvu na watu wao walipopatana. Wakubwa wakishindana, mvua inakosekana na njaa inaingia. Kuna imani ndani yake ambayo Mkristo haichukui, hasa ile ya dawa za mvua. Lakini walijua kwamba ardhi na mahusiano ya watu haviugui kila kimoja peke yake. Nabii Hosea naye aliiona nchi ikiomboleza, hata samaki wa baharini wakitoweka, kwa sababu ya uongo na damu iliyomwagwa kati ya watu.

Moto wa msitu ndiyo kipimo chake. Huku kwetu mara nyingi unatokana na mambo madogo: mtu anasafisha shamba kabla ya mvua, mrina asali anaacha kaa, mchoma mkaa anasinzia. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani, na katika nusu saa hiyo aliye karibu si ofisa wa misitu, ni jirani mwenye jembe. Akiuona moshi akasema, "Hiyo ni mali ya serikali," basi msitu umekwenda, na chemchemi zake pamoja nao. Akisema, "Maji yangu yanaungua," atapiga yowe na kukimbia.

Ndiyo maana naipa uzito Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyofungua njia ya vijiji kushiriki katika kuitunza misitu, kuliko mabango yote ya kukataza moto. Magamba ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ulinzi wake ni mkali zaidi kuliko wa zamani, na swali la kuni na la majani ya ng'ombe halijaondoka vijijini.

Nehemia alipotaka kuujenga ukuta wa Yerusalemu, wengi aliwapanga wajenge mbele ya nyumba zao wenyewe. Orodha ya majina yao katika sura ya 3 huwachosha wasomaji. Mimi huisoma polepole. Wamo makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, hata mtu mmoja na binti zake. Hakuna aliyekuwa fundi wa kuta. Kila mmoja alijua tu kwamba ufa ule ukibaki, adui ataingia kwake kwanza. Watu wa Tekoa walijenga sehemu mbili, ingawa wakubwa wao walikataa kuinamisha shingo.

Oktoba 2022 Kilimanjaro iliwaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima moto. Mpaka wa mwaka 2005 ulikuwa bado palepale.