Laptopu Zilizopashwa Moto
Mafundi wengi bado wanaamini kwamba laptopu za 2007 na 2008, zile zinazochora mistari ya rangi kwenye skrini kisha kuzima ghafla, ziliponzwa na lehemu isiyo na madini ya risasi. Tarehe zinashawishi: sheria ya Umoja wa Ulaya iliyobana risasi kwenye vifaa vya umeme ilianza kutumika Julai 1, 2006. Lakini ushahidi mzito uko kwingine. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya hitilafu za chipu zake za picha za laptopu, ikataja udhaifu wa malighafi ya chipu na kifungashio chake, yaani mambo ya ndani, si lehemu inayoishikilia chipu kwenye madabodi. Kila laptopu ilipopata moto na kupoa, silikoni na kibebeo chake vilitanuka kwa viwango tofauti, na vinundu vya lehemu vilivyo kati ya viwili hivyo vikapata nyufa.

Hapo ndipo iliposhamiri desturi ya kupasha chipu, kwa mashine ya hewa moto au hata oveni ya jikoni. Mtu atabisha kwamba laptopu nyingi zilifufuka. Zilifufuka kweli, maana joto huweza kugusanisha kingo za ufa kwa muda, ila halibadilishi malighafi dhaifu. Mistari ikarudi, na mteja akalipa mara ya pili. Nyingine zilipashwa bila sababu yoyote: picha ikiwa safi kwenye skrini ya nje, mkosaji kwa kawaida ni waya unaopita kwenye bawaba, au skrini yenyewe.