Stika za Tangi la Pikipiki za Zamani

Stika za tangi ni chapa nyembamba za jina, nembo au mapambo zinazobandikwa kwenye tangi la mafuta la pikipiki, kisha kwa kawaida hufunikwa kwa vanishi angavu, ile ambayo mafundi rangi huiita kliya. Katika ukarabati wa pikipiki za zamani, hasa zilizotengenezwa Uingereza kabla ya miaka ya 1970, hii huwa kazi ya mwisho: kutu imeshaondolewa, mabonde yameshanyooshwa, rangi imeshapulizwa. Ni rahisi pia kuiharibu. Kliya hupakwa kwa sababu kubwa kuliko urembo: tangi humwagikiwa petroli mara kwa mara linapojazwa, na petroli hulainisha rangi na gundi nyingi.

Pikipiki za mwanzo ziliandikwa majina kwa mkono. Viwanda vilipoanza kuzitoa kwa maelfu, chapa za karatasi zilichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ingawa mistari myembamba ya dhahabu iliendelea kuchorwa kwa brashi. Royal Enfield ya Chennai, India, imeendelea na uchoraji huo wa mkono hadi karne ya 21. Triumph na BSA, kwa upande wao, ziliweka beji za chuma kwenye matangi ya matoleo yao mengi, na hapo hakuna cha kubandika.

Kwa mjuzi, stika ni kama cheti cha kuzaliwa. Howard R. Davies alishinda mbio za Senior TT katika Isle of Man mwaka 1925 akiendesha pikipiki yenye herufi za jina lake, HRD. Mwaka 1928 Philip Vincent alilinunua jina hilo ili kampuni yake changa ianze na sifa iliyokwisha kujengwa. Herufi HRD zilibaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, zikaondolewa kwa sababu wanunuzi wa Marekani walizichanganya na za Harley-Davidson. Kwa hiyo Vincent ya mwaka 1947 isiyo na herufi hizo tangini huzua maswali, hata kama rangi yake inang'aa vipi.

Stika zenyewe hutofautiana. Za kale zaidi hubandikwa kwa vanishi: mgongo wa chapa hupakwa vanishi nyembamba, huachwa mpaka ianze kunata, chapa hukandamizwa tangini, kisha karatasi hulowanishwa na kubanduliwa. Dhahabu ya baadhi yake ni unga wa shaba na zinki, ambao husawijika ukiachwa wazi hewani. Za vinili, ndugu wa zile zinazojaa kwenye bodaboda, ni imara, lakini ni nene na ukingo wake huonekana hata chini ya kliya. Inayotumiwa sana katika ukarabati ni stika ya maji: utando mwembamba wenye picha, ulioshikiliwa kwenye karatasi na gundi inayoyeyuka majini.

Stika ya maji hudai uso laini na safi. Mikwaruzo ya msasa ikibaki hunasa hewa, na hewa hiyo huonekana chini ya utando kama ukungu mweupe ambao hautoki tena. Mahali pa kuibandika pasikisiwe kwa macho tangi likiwa mezani, kwa kuwa mezani tangi hulala kwa mwinamo tofauti na ule wa kwenye fremu. Fundi mwangalifu hulifunga kwanza kwenye pikipiki, hukata kiolezo cha karatasi, hupima kutoka kwenye mshono wa tangi na matundu ya mipira ya magoti, kisha hutia alama kwa tepe ya karatasi pande zote mbili. Jina lililopanda juu kidogo upande mmoja halisameheki.

Stika huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu, mara nyingi kwa chini ya dakika moja, mpaka ianze kuteleza juu ya karatasi yake. Isiachwe ielee yenyewe, maana gundi itaisha majini na utando utajikunja. Huwekwa tangini pamoja na karatasi yake, kisha karatasi ndiyo huvutwa kutoka chini, stika ikibaki. Maji na hewa husukumwa kutoka katikati kwenda kingoni kwa kipande cha mpira laini au kitambaa chenye unyevu. Penye mpindo mkali utando hukataa kulala. Dawa ya kuulainisha husaidia, na wengine hutumia siki iliyochanganywa na maji. Kiputo kidogo cha hewa kikibaki hutobolewa kwa sindano. Gundi iliyovuja pembeni ioshwe yote, kwa sababu ikikauka huacha doa na kuzuia kliya isishike. Kisha kazi iachwe ikauke kwa siku moja au zaidi: maji yaliyofungiwa chini ya kliya hufanya malengelenge.

Katika kliya ndipo stika nyingi hufa. Laka ya selulosi, iliyotumika sana zamani, ina thina kali inayoweza kuukunja utando kwa sekunde chache. Kliya ya akriliki ya kopo la kupuliza ni rahisi kutumia, ila kwa kawaida petroli huilainisha. Inayofaa ni ya poliyurethani yenye hadina, yaani kigumishi, kwa kuwa ikishakomaa hustahimili mafuta. Hata hiyo ijaribiwe kwanza kwenye stika ya ziada iliyobandikwa kwenye kipande cha bati kilichopakwa rangi ileile. Mikono ya kwanza ipulizwe kama vumbi, nyepesi na karibu kavu, na kila mmoja upewe muda, ili thina iruke kabla ya kuula utando. Baada ya hapo ndipo hufuata mikono iliyolowa. Ngazi ya ukingo wa stika ikiendelea kuhisika kidoleni, kliya iliyokauka hupigwa msasa wa maji wa namba 1500 kwa ubao mdogo, bila kuufikia utando, kisha hupakwa tena na kung'arishwa. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, unyevu wa hewa unaweza kuipausha laka ya selulosi. Siku ya mvua si siku ya kupuliza.

Hadina nyingi za kliya ya poliyurethani zina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Panahitajika kifaa kinachomletea fundi hewa safi kutoka nje ya chumba. Mvuke wa petroli uliobaki katika tangi tupu nao hulipuka, hivyo tangi lisafishwe kabisa kabla ya kazi yoyote ya moto.

Wapo wanaolalamika kwamba kliya nzito hulipa tangi mng'ao wa kioo ambao kiwandani halikuwa nao. Wana hoja, na ndiyo maana tangi lenye stika zake za asili, hata zilizochakaa, ni afadhali lisafishwe taratibu na kupakwa nta kuliko kupakwa rangi upya. Kwa tangi ambalo tayari limepakwa upya na bado linatumika barabarani, kliya haikwepeki. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hushambulia rangi na laka za zamani. Kliya yenye hadina hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini kukomaa kwake huchukua siku kadhaa, na kabla ya hapo tangi lisitiwe mafuta.