NANI ALIUZA MAFIA? ARDHI YETU, MGENI NA HATI



Ndugu zangu wa Miburani na Mafia yote, na nyinyi mlioko Dar, Unguja na Maskati mnaofuatilia darsa hizi. Swali linalokuja sana siku hizi baada ya swala si la twahara wala saumu. Ni hili: "Ustadh, mzungu anataka kununua shamba letu la ufukweni. Inafaa kumuuzia?"

Jibu fupi ni kwamba anachotaka kununua, wewe huna cha kumuuzia. Jibu refu linaanza mwaka 1890.

Tarehe 1 Julai mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mkataba wa kugawana nchi za watu. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba ule, kisiwa chetu pamoja na pwani ya Tanganyika vikaenda kwa Wajerumani, na Sultani akalipwa fidia ya maki milioni 4 za Kijerumani. Mkulima wa Miburani hakuulizwa, mvuvi wa Jibondo hakuulizwa. Basi mtu akikwambia Mafia haijawahi kuuzwa, mwambie iliuzwa, na wenyewe walikuwa shambani wakipalilia.

Haikuishia hapo. Novemba 26, 1895 Wajerumani wakatoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Zingatia hapa, ndugu yangu. Nani ana mwenyewe na nani hana? Aliyekuwa na karatasi alitambuliwa kuwa mmiliki. Aliyekuwa na minazi aliyopanda babu yake, lakini hana karatasi, akahesabiwa ni mkaaji tu. Na sisi ndio umma ambao aya ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu, Al-Baqara 282, inazungumzia kuandikiana na kuweka mashahidi! Tulikuwa tunaisoma hitimani, karatasi wakawa nazo wengine.

Waingereza walipokuja wakatunga sheria ya ardhi ya 1923. Ardhi yote ikawa ya umma chini ya Gavana, na mtu anapewa haki ya kukaa na kutumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 wakairekebisha ili haki za kimila nazo zihesabiwe. Bado mashamba makubwa ya umiliki wa moja kwa moja, urithi wa Wajerumani, yalibaki. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958, kabla ya uhuru, katika maandishi aliyoyaita Mali ya Taifa, akihofia kwamba ardhi ikiwa bidhaa ya kuuzwa katika nchi maskini itaishia mikononi mwa matajiri na wageni. Mwaka 1963 serikali yake ikaufuta umiliki ule.

Sasa tuje kwa sheria inayotumika leo, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za 1999, zilizoanza kufanya kazi Mei 2001. Kifungu cha 20 cha namba 4 kinasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hata huyo mwekezaji hapati umiliki wa asili; anapata haki ya matumizi kwa muda, kupitia mamlaka ya serikali ya uwekezaji. Kampuni ambayo wenye hisa wengi ni wageni nayo ni mgeni, hata ikiwa imesajiliwa Dar es Salaam na ina jina la Kiswahili tamu. Jirani zetu Kenya nao, katiba yao ya 2010 inampa mgeni upangaji tu, usiozidi miaka 99.

Ardhi ya kijiji ina kufuli jingine. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na ili eneo liende kwa mwekezaji, lazima kwanza lihamishwe kutoka ardhi ya kijiji. Likiwa hekta 250 au pungufu, wenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu, yaani wewe na mkeo na mama yako, kila mkazi wa miaka 18. Wangapi wetu tunakwenda? Tunamwachia mwenyekiti, kisha tunanung'unika barazani.

Na hapa Mafia tuna jambo letu. Mila zetu zinatenganisha mti na udongo: mnazi una mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake huweza kuwa ya ukoo. Unaweza kurithi minazi 30 kihalali na usiwe na mamlaka ya kuuza udongo. Mgeni halijui hili. Dalali analijua, ananyamaza kwa sababu ya asilimia yake. Huko ni kughushi, hata kama hakusema neno la uongo.

Limebaki la jina la kuazima. Mgeni anatoa pesa, kijana anatoa jina, karatasi zinaandikwa kwa kijana, na pembeni kuna makubaliano ya siri. Siku kijana akifariki, nyumba ile kwenye karatasi ni mirathi yake. Mjane mwenye watoto anadai thumni, mama anadai sudusi. Mgeni hana pa kushika mbele ya sheria, kwa kuwa alijua anaikwepa.

Basi warithi wafurahi? Hapana. Ukafiri wa mtu hauhalalishi mali yake, na kosa lake halifanyi pesa yake kuwa yenu. Aliyoitoa ni deni katika mali ya marehemu, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Watoto wanaweza kujikuta wanauza minazi ya halali ya baba yao kulipa nyumba ambayo hawakuijenga.

Darsa ijayo, inshaallah, tutaeleza shufaa: haki ya mshirika katika shamba ambalo halijagawanywa, ndugu mmoja anapotaka kuuza fungu lake.

Wallahu aalam.