Istilahi za Vipimo vya Matairi

Neno “ukubwa” halitoshi kueleza tairi, na historia ya gari moja la mwendo wa kasi yathibitisha hivyo. Porsche 911 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ilifungwa matairi yenye upana wa milimita 165 juu ya rimu zenye kipenyo cha inchi 15. Matairi yalipozidi kupanuliwa na kufupishwa, ilibidi kuongeza namba ya tatu: kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana. Hivyo 911 Turbo ya mwaka 1975 ilikuwa na 185/70 mbele na 215/60 nyuma, rimu zote za inchi 15. Tukipiga hesabu, tairi la mbele lina kimo cha milimita 640, la nyuma 639. Upana umetofautiana, kimo ni kile kile.

Mwenye gari anayebadili rimu na matairi hana budi kulinda kimo hicho, la sivyo spidomita itamdanganya. Mfasiri akimwandikia “tairi kubwa zaidi” tu, amempotosha. Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu zisizochanganywa: upana, uwiano wa ubavu, na kipenyo cha rimu.