Henza ya John Howland

Mabaharia wetu huiita henza kamba ile inayotweka foromali pamoja na tanga lake mpaka juu ya mlingoti. Na kwa kamba ya namna hiyo, iliyokuwa ikining'inia ubavuni mwa merikebu na kuburutwa na maji, aliokoka kijana mmoja wa Kiingereza mwaka 1620, ambaye baadaye alikuwa babu wa watu wengi hata hesabu yao haidirikiki. Jina lake lilikuwa John Howland, wa kijiji cha Fenstanton, naye hakuwa bwana wala mwana wa bwana. Alikuwa mtumishi wa John Carver, mmoja wa wakuu wa wale Wakristo waliojitenga na kanisa la dola ya Uingereza, wakaazimu kutafuta makao mapya ng'ambo ya Atlantiki.

Merikebu yao, Mayflower, iliondoka bandari ya Plymouth mwezi wa Septemba ikiwa na abiria 102. Katikati ya safari ilishikwa na tufani kali hata ikabidi kushusha matanga yote na kukiacha chombo kichukuliwe na upepo. Na Howland alipotoka chini na kupanda sitahani, merikebu ikalala ubavu, naye akatupwa baharini. Henza ikaingia mkononi mwake. Aliishikilia ingawa alizama pima kadhaa chini ya mawimbi, mpaka wenzake walipomvuta kwa kamba hiyo hiyo, wakamnasa kwa ngoe na kumrudisha chomboni. Habari hii tumeachiwa na William Bradford, aliyekuwa msafiri mwenziwe na kisha liwali wa koloni kwa miaka mingi.

Walipofika mbele ya Cape Cod, mwezi wa Novemba, wanaume 41 walitia sahihi mkataba wa kujitawala, na mtumishi huyu akawa mmoja wao. Kisha ikaja baridi, njaa na maradhi, na kabla ya mwaka kupita nusu ya wale abiria walikuwa wamekwisha kuzikwa. Carver, liwali wa kwanza, alifariki mwaka 1621, na mkewe hakukawia kumfuata. Na binti mmoja wa miaka kama 13, Elizabeth Tilley, alifiwa na baba, mama, ami yake na mke wa ami yake, akabaki peke yake katika nchi ya ugeni. Howland alimwoa Elizabeth baada ya miaka michache. Siijui ndoa nyingine iliyojengwa juu ya makaburi mengi kama hiyo.

Walakini nchi ile haikuwa tupu kwa asili yake. Mahali wageni hao walipojenga palikuwa mji wa Patuxet, mmoja wa miji ya Wawampanoag, ulioangamizwa na maradhi yaliyoletwa na vyombo vya Ulaya baina ya 1616 na 1619. Mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa na mikono ya marehemu. Mwenyeji wa mji huo, Tisquantum, alisalimika kwa kuwa mwaka 1614 nahodha mmoja wa Kiingereza alikuwa amemteka na kumpeleka Hispania kumwuza; aliporudi hakuwakuta jamaa zake, na juu ya msiba huo akawafundisha wageni kupanda mahindi. Dhuria wa Howland wana deni kwa henza, na kwa mtu huyu pia.

Howland aliinuka daraja kwa daraja. Mwaka 1627 alikuwa miongoni mwa wachache waliojitwika deni la koloni kwa wafanya biashara wa London, nalo lilikuwa pauni 1,800. Mwaka 1634 alisimamia kituo cha biashara kwenye mto Kennebec, ambako manyoya ya biva, mnyama wa mtoni, yalinunuliwa kwa wenyeji ili deni hilo lilipwe. Alipokuja John Hocking, mtu wa koloni nyingine, kuingilia biashara hiyo, Howland aliamuru amari, yaani kamba ya nanga, ya chombo cha Hocking ikatwe. Hocking akampiga risasi mmoja wa waliotumwa, naye papo hapo akauawa na mwenzi wa marehemu huyo. Mtu aliyeokolewa na kamba alipaswa kuliko wote kujua thamani ya kamba, na katika habari zake zote ni amri hiyo ninayosikitika kuisoma.

Elizabeth alizaa watoto kumi, na wote walifika utu uzima. Howland alifariki mwaka 1673, na ilisemwa kwamba umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Miaka miwili baadaye vilizuka vita na Wawampanoag, mwanawe Jabez akapigana humo, na mateka wengi waliuzwa utumwani katika visiwa vya Karibi.

Katika karne ya 19 dhuria wake walimwekea jiwe juu ya kilima cha makaburi, nalo lilisema kwamba mkewe alikuwa binti wa Liwali Carver. Sisi wa mwambao hatuna haki ya kuwashangaa, kwani tumesikia nasaba ngapi zilizonyooshwa hadi Shirazi au Hadhramaut, ilhali bibi mwenye jembe ameachwa nje ya karatasi? Hati ya Bradford, iliyokuwa imepotea, ilionekana mwaka 1855 katika maktaba ya Askofu wa London, na ilipopigwa chapa ikadhihirika kuwa Elizabeth alikuwa yule yatima, binti wa John Tilley. Kwangu mimi hati hiyo imemzidishia heshima, maana binti wa liwali angelindwa na jina la baba, bali yatima hakuwa na wa kumlinda.

Dhuria wa wawili hao ni pamoja na Franklin Roosevelt na Marais wawili walioitwa Bush. Nyumba ya Jabez, alimokaa Elizabeth katika ujane wake, ingali imesimama Plymouth ya Marekani, nao Wawampanoag wangali wapo, katika Mashpee na Aquinnah, kwenye nchi yao ile ile.